Sauti ilipokatika, wote walimgeukia fundi

Saa mbili asubuhi, ukumbi wa baraza la mji bado unanukia sabuni ya deki. Mwanamume mrefu, suruali imempauka magotini, anavuta waya kutoka jukwaani hadi katikati ya viti na kuubandika sakafuni kwa utepe mweusi, mtu asije akajikwaa. Anagonga kipaza sauti kwa ukucha. "Moja, mbili. Moja, mbili."

"Zima," anaita mwanamke anayepanga viti, "leo utatuzima saa ngapi?"

"Nikianza na wewe, dada, mkutano utaisha mapema."

Wanacheka wote wawili. Mwanamke anaacha kucheka kwanza, na macho yake yanabaki kwenye mikono ya fundi.

Fundi huyu ana miaka arobaini na minne. Kazi ya kukodisha spika na vipaza sauti alifundishwa na mjomba wake, na kwa miaka sita sasa baraza limekuwa likimwita kila linapokutana na wakazi kuwaeleza mapato na matumizi ya mji. Jina la utani la Zima halijafikisha mwaka. Kabla ya jina hilo alikuwa akipata harusi sita au saba kwa mwezi. Mwezi uliopita alipata mbili, na moja ilikuwa ya binamu yake, ambaye hajalipa.

"Watu wanasema, huyu si ndiye anayekata sauti? Atatukatia bibi harusi akiwa anaapa," anasema.

Jina lilizaliwa humu ukumbini. Mshonaji mmoja, mama wa watoto wanne, alisimama kuuliza kuhusu wodi ya wazazi katika zahanati ya mtaa wake. Taarifa ya baraza ilisema wodi imekamilika na inatumika. Yeye hupita hapo kila siku na huona kufuli mlangoni. Alifika kwenye maneno "sasa mimi nauliza, hiyo wodi," na sauti ikakatika.

Mwenyekiti alisema mitambo imegoma, akahamia ajenda nyingine. Spika za jukwaani zilikuwa zinafanya kazi vizuri.

Mkutano uliofuata alisimama mwalimu mstaafu, akauliza jambo lilelile. Sauti ikakatika tena. Ukumbi mzima uligeuka kuangalia nyuma ya jukwaa, ambako fundi alikuwa ameketi na mashine yake, nusu ya mwili imefichwa na pazia.

"Niliinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa," anasema. "Lakini pazia lile, waliona kichwa tu."

Kwa maelezo yake, sauti ya mwananchi inaweza kukatwa mahali patatu: kwenye umeme, kwenye mashine yake, au kwenye swichi ya kipaza sauti chenyewe. Umeme haukukatika, kwa kuwa mwenyekiti aliendelea kusikika. Zinabaki sehemu mbili, na kila moja ina mtu wake.

Kipaza sauti cha wananchi, mali ya baraza, hakina waya. Hushikwa na ofisa uhusiano wa baraza, kijana mtanashati anayezunguka ukumbini na kumsogezea mdomoni kila anayeuliza. Hamkabidhi mtu yeyote. Swichi iko ubavuni, pale kidole gumba kinapokaa.

Fundi anadai kwamba mara zote mbili taa ndogo ya kijani kwenye mashine yake ilizimika, na taa hiyo huzimika tu kipaza sauti kikizimwa kule kilipo. Akiulizwa kama betri ikiisha taa haizimiki vilevile, anakubali kwamba huzimika. Anasema aliweka betri mpya asubuhi za siku zote mbili. Hakuna aliyemwona akiziweka.

"Ndiyo shida yangu hiyo," anasema. "Taa niliiona peke yangu."

Ofisa uhusiano anakanusha kugusa swichi. "Tunakishika sisi kwa sababu wananchi wanakimeza," anasema. "Wengine wakikipata hawakiachi. Kuhusu kukatika, muulizeni mwenye waya zake. Za tangu enzi za mjomba." Anaongeza kwamba baraza huendesha mambo yake kwa uwazi na kwamba mikutano yote hufanyika hadharani. Alipoombwa amwoneshe mwandishi kipaza sauti hicho, alisema kimefungiwa stoo na mwenye ufunguo yuko safarini.

Leo fundi ameamua mambo mawili bila kumwomba mtu ruhusa. Ameleta kipaza sauti cha waya kisicho na swichi, akakisimamisha kwenye mlingoti katika njia ya katikati. Na meza yake ameihamisha kutoka nyuma ya pazia hadi katikati ya viti, ili kila mtu aione mikono yake.

Saa tatu kasoro ofisa uhusiano anaingia, anasimama.

"Mzee, meza irudi mahali pake. Inaharibu sura ya ukumbi."

"Sura ya ukumbi au sura ya nani, mkubwa?"

"Usinitanie. Wageni wanakuja."

"Ikirudi nyuma ya pazia, nami nafunga spika zangu narudi nyumbani. Mtahutubia kwa mdomo."

Ofisa anatazama saa, anatazama mlango ambao watu wameanza kuingilia, kisha anaenda kumnong'oneza mwenyekiti. Meza inabaki.

Mshonaji ni wa tatu kufika kwenye mlingoti. Anakirekebisha kipaza sauti kifike urefu wake na kuuliza swali lake lote, neno kwa neno, mpaka mwisho: wodi iliyoandikwa kuwa inatumika, inatumiwa na nani, kama kufuli halijafunguliwa? Sauti inafika hadi nje, ambako wenye pikipiki wanageuza shingo.

Muda wote huo fundi ameweka viganja vyake juu ya meza, vimefunguka. Mwenyekiti anashukuru kwa swali zuri, anasema litafanyiwa kazi, na kumwita anayefuata.

Wakati watu wanatoka, wazee wawili wanasimama karibu na meza, hawajali kama wanasikika.

"Umeona? Leo haikukatika."

"Itakatikaje, na sisi tumemkodolea macho? Sasa ndiyo nimeamini alikuwa yeye."

Fundi anaendelea kukunja waya. Baadaye anaeleza kwamba hata nyumbani hajasalimika. Usiku wa ule mkutano wa pili mke wake alimwambia, "Baba watoto, niambie mimi tu, ulizima?" Akamjibu, "Wewe umenijua miaka kumi na sita." Mke akasema, "Ndiyo maana nauliza."

Kabla hajapakia spika ya mwisho, ofisa uhusiano anakuja kumpa taarifa: kuanzia mkutano ujao baraza litatumia kampuni nyingine. Fundi anauliza ni ya nani. Anaambiwa utaratibu umefuatwa.

Hana mpango wa kulalamika. Anatarajia kurudisha harusi zake polepole, akianza na mitaa ambayo jina la Zima halijafika. Lakini mkutano ujao atakuja, bila spika, akae kwenye viti kama mkazi. Katika miaka sita ya kuwapazia wengine sauti hajawahi kuuliza swali hata moja, na sasa analo: hiyo kampuni ni ya nani?

"Nitanyoosha mkono," anasema. "Akinisogezea ile maiki, nitaomba niishike mwenyewe."

Na akikataliwa?

"Basi ukumbi mzima utaangalia kidole chake. Mimi nitakuwa mbali na mashine."