Unga wa kutu chumbani kwa mama mkwe: mabehewa yangu ya treni yalivyotaka kuniondolea mke na mtoto

Wakuu, salamu kutoka Bariadi.

Hapa jukwaani mimi ni wa kusoma na kupita. Leo naandika kwa sababu jambo lenyewe limeisha, na wahusika wote wameniruhusu niliseme, isipokuwa mmoja ambaye bado hajui kuongea.

Sitatia chumvi. Niliwahi kuandika habari za redio kwa miaka kadhaa, na huko nilibakiwa na tabia ya kuandika mambo kwenye daftari siku ileile yanapotokea. Haya yametoka kwenye daftari.

Kwanza mjue ninachofanya, la sivyo hamtanielewa.

Kazi yangu ya kila siku ni duka dogo la fotokopi na vifaa vya ofisini. Muda wa ziada natengeneza mabehewa ya mizigo ya treni. Madogo, urefu kama kiganja na nusu. Nilikulia Malampaka jirani na stesheni, kwa hiyo nilianza kuyatazama mabehewa kabla sijajua kusoma. Nayakata kwenye mabaki ya siling bodi za plastiki, nagundisha, napiga rangi. Magurudumu tu ndiyo naagiza.

Shida ni kwamba behewa likishapigwa rangi linang'aa kama sahani mpya, na hapo linakuwa la uongo. Behewa la kweli lina kutu kwenye maungio, vumbi jeusi la breki upande wa chini, masizi kwenye paa, na michirizi iliyochorwa na mvua za miaka mingi. Kwa hiyo kazi kubwa si kulijenga. Kazi kubwa ni kulizeesha.

Mimi nazeesha kwa chaki laini za wachoraji, zile wanazoziita pastel. Si zile za mafuta, hizo hazisagiki. Unaikwangua chaki kwa wembe, unga unadondoka kwenye karatasi, unausaga tena mpaka uwe laini kama poda. Behewa lenyewe unalipulizia kwanza vanishi isiyong'aa, maana unga haushiki kwenye kitu kinachoteleza. Kisha unapaka kwa brashi, ukivuta kutoka juu kwenda chini. Mwisho unapuliza vanishi tena ili kuufunga. Hiyo vanishi ya mwisho inameza karibu nusu ya rangi, kwa hiyo upake zaidi ya unavyodhani inatosha.

Sasa unga wangu nauhifadhi kwenye vichupa vya vidonge ambavyo niliviomba duka la dawa. Vichupa kumi na viwili. Mwekundu wa kutu, mweusi wa masizi, mweupe wa chokaa, na wa rangi za katikati. Havina maandishi yoyote, maana mimi navijua kwa macho.

Wenyeji wa kanda hii najua mmeshaanza kucheka.

Mke wangu Kabula alijifungua mtoto wetu wa kwanza, Masanja, kwa upasuaji. Tulikuwa tumepanga aende kwao Mwamapalala akapumzike, lakini kwa kidonda kile na barabara ile haikuwezekana. Ikabidi mama yake aje kwetu.

Kwa familia zetu hilo si jambo dogo. Mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hatupeani mikono, hatuli sahani moja, na tukiwa na jambo zito linapitia kwa mtu wa katikati. Chumba anacholala mama mkwe, mkwe wa kiume haingii. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini kila mtu anajua.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Chumba cha pili ndicho kilikuwa karakana yangu. Alipopiga simu kwamba yuko stendi tayari, nilikuwa na nusu saa. Nikatoa meza, nikatoa mabehewa sita ya oda niliyokuwa nayo, nikaingiza kitanda.

Vichupa vilikuwa kwenye rafu ya juu. Nikavisahau.

Alipoingia tu chumbani, mlango ule kwangu ulifungwa. Na mtoto alikuwa analala humo na bibi yake, ili Kabula apate usingizi.

Nilikumbuka vichupa siku ya pili. Nikamtuma Kabula aniletee unga mwekundu kidogo kwenye karatasi, akaleta, nikapaka mabehewa matatu. Nikaona mambo yanakwenda.

Sikujua kwamba mama mkwe alishavihesabu usiku wa kwanza. Na alishaona kwamba chekundu kimepungua.

Siku ya tano ilikuwa Alhamisi. Oda ilikuwa ya mwenye loji mmoja Lamadi, aliyetaka mabehewa ayaweke mapokezi, na tulikubaliana Jumamosi. Bado nilihitaji kutu ya mabehewa matatu. Kabula alikuwa amelala chumbani kwetu na mtoto pembeni yake. Mama mkwe alikuwa nje anaanika nepi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi.

Ningesubiri, wakuu. Sikusubiri.

Niliingia kwa kunyata, nikapanda kwenye stuli, nikachukua kichupa chekundu. Nageuka, mama mkwe amesimama mlangoni na beseni.

Hakupiga kelele. Aliangalia mkono wangu, akaangalia rafu, akafunika mdomo kwa kitenge na kusogea pembeni ili nipite. Mimi kwa kuchanganyikiwa nikasema, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama; nikamwamkia kwa mara ya pili asubuhi ileile.

Hakuitikia. Kwa Msukuma, salamu isiyoitikiwa ni tusi, au ni hukumu.

Nusu saa baadaye Kabula alinifuata dukani, anatembea ameshika tumbo.

"Baba Masanja, ulikuwa unatafuta nini chumbani kwa mama?"

"Unga wa kutu."

"Mama anafunga mizigo. Kesho asubuhi tunaondoka wote watatu."

"Watatu gani?"

"Yeye, mimi na Masanja."

"Na kidonda?"

"Anasema kidonda kinapona popote. Mtoto akirogwa haponi."

Nikamuuliza kwa nini hakumweleza, wakati yeye anaijua hii kazi tangu tukiwa wachumba. Akasema alimweleza yote. Mama yake akamjibu, "Wewe utasemaje? Umeshalishwa."

Hapo nikaelewa ukubwa wake. Unga mwekundu, mweusi na mweupe, kwenye vichupa visivyo na jina, juu ya kichwa cha mtoto mchanga, na baba wa mtoto anavinyemelea. Kama ningekuwa bado redioni na mtu akaniletea habari hiyo, mimi mwenyewe ningeitafutia nafasi kwenye taarifa ya saa mbili.

Ushahidi wa mke wangu haukuhesabiwa. Mimi sikuweza kwenda kujieleza. Akiondoka na mtoto na neno hilo mdomoni, likifika Mwamapalala halirudi. Nani angeniletea tena mke wangu kwenye nyumba ya mchawi?

Nikaenda kwa jirani yetu Mama Zuhura, mwenyeji wa Kondoa, ana duka la vitenge. Alishakuwa rafiki wa mama mkwe kwa hizo siku tano. Nikamweleza kila kitu bila kupunguza. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani wewe baba, umemwekea mkweo vitu vya mganga kichwani, halafu unaingia kuvichukua kwa kunyata? Hata mimi ningepanda basi!"

"Nisaidie, mama."

"Nitakusaidia. Lakini uongo sitasema. Utafanya hiyo kazi yako mbele yake, kila kitu aone."

Saa kumi jioni tulikaa uani. Mama mkwe kwenye mkeka na Masanja mapajani, Kabula pembeni yake. Mimi kwenye stuli upande wa pili, nimewapa mgongo nusu. Mama Zuhura katikati. Mizigo ya mama mkwe ilikuwa mlangoni, imefungwa.

Mama mkwe akaanza, anamwangalia Mama Zuhura. "Muulize, kile chekundu ni damu ya nini?"

"Baba, anauliza chekundu ni damu ya nini."

Nilikuwa nimesikia, lakini utaratibu ni utaratibu. "Mwambie ni chaki."

"Anasema chaki."

"Chaki ni nyeupe. Nimesoma mpaka darasa la nne."

Nikampa Mama Zuhura boksi la chaki zilizobaki, wembe na gazeti, nikamwomba akwangue mwenyewe. Akakwangua. Unga mwekundu ukadondoka kwenye gazeti.

"Haya mayu, damu imetoka kwenye kijiti," Mama Zuhura akasema.

"Ajipake."

Nikajipaka mikono yote miwili. Akasema na usoni. Nikajipaka usoni. Kabula akaangalia pembeni ili asicheke.

"Anawe."

Nikanawa kwenye beseni. Maji yakawa mekundu, ngozi ikabaki kama ilivyokuwa. Mama mkwe akayachungulia yale maji.

"Sasa na huyo anayepakwa ni nani?"

Nikaleta behewa. Kwa bahati lililokuwa karibu ni la ng'ombe, lile la mbao zenye nafasi katikati. Nilikuwa nimelipaka unga wa kahawia kuiga samadi, katikati kwenda juu, nikiwaza ng'ombe ni warefu na wanasugua migongo. Mama Zuhura akaliweka kwenye mkeka.

Mama mkwe aliinama. Kabla hajaambiwa chochote akasema, "Hili si la kubebea ng'ombe?"

Nikasema ndiyo, moja kwa moja, nikasahau kupitia kwa Mama Zuhura. Hakuna aliyenikemea.

Akasema alipokuwa msichana walikuwa wanapeleka ng'ombe wa baba yake kwa miguu mpaka Malampaka, wakilala njiani, yeye na dada zake wakibeba chakula. Aliwaona ng'ombe wakipandishwa kwenye mabehewa. Akaliangalia tena behewa langu, na uso ukabadilika.

"Mwambie huyu, ng'ombe gani anakojoa juu?"

Mama Zuhura akaangua kicheko. "Baba, unaulizwa ng'ombe wako ni wa aina gani!"

"Juu huko wanasugua, mbao zinakuwa laini," mama mkwe akaendelea. "Uchafu unatoka sakafuni. Unapita kwenye nafasi, unashuka hivi." Akaonyesha kwa kidole, kikakaribia mkono wangu, akakirudisha haraka. "Na hapa mlangoni ndipo pachafu kuliko pote. Ng'ombe akiogopa kupanda anaharisha."

Nikachukua brashi. Nikafuta ule wa juu, nikavuta michirizi kuanzia sakafuni kwenda chini, nikazidisha mlangoni.

"Bado. Ongeza."

Nikaongeza.

"Ongeza, safari ni ndefu hiyo."

Tulifanya hivyo kama robo saa, na sijawahi kupata mwalimu mkali kama yule. Nikadhani yameisha. Nikaanza kukusanya vitu.

Ndipo akasema, sasa bila utani, "Chaki nimekubali. Si bugota." Bugota ndiyo dawa kwa Kisukuma, ya mganga na ya hospitali pia. "Lakini mwanangu Kabula, muulize mumeo. Yeye akiikwangua hiyo chaki anafanyaje na pua yake?"

Kabula alijua jibu. Akaniangalia mimi.

Nikajibu mwenyewe. "Navaa barakoa, mayu."

"Na Masanja amelala siku tano chini ya hivyo vichupa. Barakoa yake iko wapi?"

Wakuu, nimehoji watu wazima wengi kwenye kazi yangu ya zamani. Swali kama lile sikuwahi kulitunga. Vifuniko vingine havikuwa vimekaza, na kwenye rafu palikuwa na unga uliomwagika. Nilikuwa nimeona tangu zamani. Nilichokuwa nafikiria siku zote tano ni oda yangu, na baadaye jina langu.

Nikasema, "Nimekosa, mayu." Hilo nalo halikupitia kwa mtu.

Alimpa Kabula mtoto, akasema, "Fungua huo mzigo mkubwa, unitolee kitenge cha kumbebea."

Vichupa vililala dukani usiku ule, na Kabula akaifuta rafu kwa kitambaa kibichi. Mabehewa yalifika Lamadi Jumatatu badala ya Jumamosi. Mteja alinuna kidogo, akayapokea.

Mama mkwe alikaa wiki tatu zaidi, mpaka kidonda kikapona. Kila niliporudi kutoka dukani nilianzia bombani kabla ya kumgusa mtoto, na niliona kwamba anaangalia.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwa na kazi ambayo watu hawaijui, waonyeshe mapema, mchana, kabla hawajaigundua wenyewe gizani. Mimi nilijificha nyuma ya heshima ya ukwe, kumbe nilikuwa naona tabu tu kueleza. Na mtu akikutuhumu kwa jambo la uongo, usikimbilie kushangilia akishindwa. Huenda hofu yake ina sehemu ya kweli ambayo hukutaka kuiangalia. Alikosea kuhusu uchawi. Kuhusu kifua cha mtoto, mimi ndiye niliyekosea.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza stendi. Alipanda peke yake. Kabula alibaki amesimama pembeni yangu na mtoto. Mama mkwe akatoa kichwa dirishani, akaangalia mtoto, si mimi:

"Masanja, mwambie baba yako anawe mikono. Na likija behewa lingine la ng'ombe, aniulize kwanza."

Haya wakuu, uwanja nimewaachia. Mafundi wenzangu wa kutumia unga wa chaki, mnaufungaje usiruke nyumbani? Na waliooa kwenye familia za namna hii, nyie mama mkwe mnazungumza naye kupitia kwa nani?