Cheti cha Kuhudhuria Shamba la Mama

Cheti bado kipo ukutani sebuleni kwa mama, juu ya redio. Kimeandikwa kwamba amehudhuria mafunzo ya maarifa asilia. Mafunzo yalifanyika shambani kwake, aliyefundisha ni yeye, na cheti cha kuhudhuria akapewa yeye. Kila nikikiona natamani kukitundua, na siwezi, kwa sababu msumari niliupigilia mimi.

Wageni walitoka chuo kikuu kimoja cha mbali. Mimi nafundisha jiografia sekondari, nakaa Milanzi hapa Sumbawanga, na mhadhiri wao alinipata kupitia mtu niliyesoma naye. Alitaka wanafunzi wake wajifunze kwenye ardhi yenyewe, kwa wenyeji wenyewe. Neno "ushirikiano" alilirudia kwenye simu hadi likanichosha. Kisha akaniuliza kama sina mpango wa kusoma shahada ya pili, maana nafasi hutokea, na wanaopendekeza majina ni wao hao hao. Nikamwambia shamba lipo, la mama yangu.

Mama analima kwa ntumba, kama walivyolima waliomzaa. Mvua zikiwa bado zimekolea, anapindua majani pamoja na udongo wake, anayafunika, hadi shamba zima linajaa vilima vya kufika magotini. Juu yake anapanda maharage. Yakishavunwa, vilima vinaachwa vimefungwa kiangazi chote ili majani yaendelee kuoza humo ndani. Mvua za kwanza zikidondoka ndipo anavifumua, anasambaza ile mbolea na kupanda ulezi. Kabla ya hapo haviguswi. Tulipokuwa wadogo, kukanyaga kilima kimoja tu kulitosha kukulaza na njaa.

Wao walikuja mwezi wa saba. Chuo kilikuwa likizo, basi. Mwezi wa saba huku kwetu jembe linadunda, na upepo unapasua midomo.

Walishuka na fulana za rangi moja, wakafunga bango lao kwenye zizi la jirani yetu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Walimwamkia mama vizuri, shikamoo mama, shikamoo bibi, wakampa mkono mmoja mmoja, kisha chupa ya dawa ya kutakasa mikono ikapitishwa nyuma ya mgongo wake. Niliiona. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri, amepika ugali wa ulezi na maharage ya shamba lile lile, na wao wakafungua maboksi ya chakula waliyotoka nayo mjini. Msichana mmoja alichota maharage kidogo, nikafurahi, kumbe anayatia kwenye kimfuko cha sampuli.

"Sasa mama," mhadhiri akasema, "tungependa kuona ndani. Tukate vichache, tupime."

Mama akanigeukia, akaniambia kwa Kifipa, polepole, "Waambie havifunuliwi mpaka mvua. Vikipigwa upepo sasa hivi, ulezi nitaupanda kwenye nini?"

Mhadhiri alikuwa ananitazama, kalamu mkononi. Nikasema, "Mama anasema hamna shida, ila mfunue taratibu."

Msidhani mama hajui Kiswahili. Anauza maharage Laela miaka yote, na hauzi kwa Kifipa. Alinisikia neno kwa neno, na mimi nilijua ananisikia. Nilichotegemea ni kwamba hawezi kuniumbua mbele ya wageni, na kweli hakuniumbua. Aliingia ndani akawaletea jembe.

Walikata vilima kumi na vinne. Waliweka rula, wakapiga picha, wakajaza udongo mweusi mifukoni. Vingine vilikatwa kwa sababu tu picha ya kwanza ilikuwa na kivuli cha mtu. Kisha mmoja wao akakumbusha kwamba wanawahi Kasesya kuona malori yanavyovuka mpaka, bango likakunjwa haraka haraka. Chupa za maji walizitupia humo humo kwenye vilima vilivyopasuliwa. Nikamkabidhi mama cheti, wakapiga makofi.

Nilimwahidi kwamba Jumamosi nitarudi nivifukie. Sikurudi. Jumamosi hiyo nilikaa Milanzi nikiandika maombi yangu ya chuo. Mbolea ikakauka, ikawa ya kijivu, ikapeperuka kama jivu la jikoni. Ulezi ulipoota, sehemu ile ulitoka mwembamba na wa manjano, na mama akaipalilia sawasawa na nyingine.

Nafasi ya chuo nimeipata. Jina langu lilipendekezwa.

Mwezi uliopita mhadhiri aliniandikia. Wanataka kuja tena, mwezi wa saba, na safari hii wanafunzi ni wengi zaidi. Ningeweza kumjibu palepale kwamba haiwezekani. Badala yake nilikwenda kwa mama kumwomba. Ndiyo, nilikwenda, na hata sasa ninapoandika najiona uchafu.

Alikuwa amekaa chini anachambua maharage. Nilimweleza yote kwa Kifipa, kama tunavyoongea nyumbani siku zote. Hakuinua kichwa. Alitupa kokoto moja pembeni, akanijibu kwa Kiswahili, kile anachowasemesha wanunuzi wa Laela na watu wa ofisini.

"Shamba lipo, mwalimu. Karibuni."

Tangu nizaliwe, mama hajawahi kuniita mwalimu.