Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Mjukuu wangu alipoachishwa ziwa nilimpa ng'ombe. Kwetu mtoto akipewa ng'ombe, maziwa yake ni ya mtoto huyo, na mtu mzima akiyaonja anaulizwa kama hana aibu. Nilimchagua mwekundu, kiwele kimejaa hadi anatembea amepanua miguu. Nilimtangaza mpaka kijiji cha Kasoli.

Kisha kiwele kikavimba. Mwanangu akanunua dawa ya sindano kwenye duka la dawa za mifugo, akawa anamchoma mwenyewe. Muuzaji alimwambia maziwa yasinywewe mpaka dawa imtoke ng'ombe.

"Nimeyachemsha, mama," akaniambia. "Dawa imeshakufa. Na mtoto akanywe ya nani, wakati ng'ombe wake yupo?"

Mtoto akaanza kuhara. Tukampa vidonge vya dukani, akahara zaidi, maji ya kijani. Macho yakaingia ndani, ukimfinya ngozi inabaki imesimama. Jirani akaja kunisalimia, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, halafu hapohapo: "Hilo ni jicho la mtu. Ulijisifu mno na ng'ombe wako." Nikaogopa, nikamfunika mtoto kanga.

Kesho yake asubuhi nikafungua kibuyu nilimomwekea mtoto maziwa ya ng'ombe wake yagande. Mepesi kama yamekamuliwa sasa hivi, na yalikuwa na siku kadhaa mle. Kibuyu hicho hakijawahi kunikatalia. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa jicho. Tukapakiana kwenye bodaboda, mimi na mkwe wangu, mama wa mtoto, mtoto katikati, hadi hospitali Bariadi.

Daktari alikuwa binti mdogo. Nikamwambia yote: sindano, vidonge, hata kibuyu. Akaweka kalamu chini.

"Bibi, ndani kabisa ya utumbo wa mtoto wanaishi wadudu wazuri. Hawaonekani kwa macho. Wanakaa pasipo hewa, hewa ikiwagusa wanakufa. Wanamsaidia kusaga chakula, wanawanyima wabaya pa kukaa. Dawa ya kuua wadudu haichagui."

"Kama ilivyoua wa kibuyuni?"

"Si walewale, lakini ndivyo. Siwezi kuapa kuwa ni maziwa tu. Vidonge navyo ni dawa ya kuua wadudu, vimechangia. Acheni vyote viwili."

"Watarudi?"

"Wakipata nafasi. Maziwa ya mama yanawalisha. Mama yake bado anayo?"

Mkwe wangu akajishika kifua. "Yanakauka."

"Mweke kwenye ziwa hivyohivyo," daktari akasema.

Tukalazwa wodini, naye akamweka. Mtoto ananyonya, analala, anaamshwa, ananyonya patupu, analia bila machozi. Mimi namnywesha maji ya chumvichumvi kwa kijiko, nusu yanamwagika shingoni. Mtoto wa kitanda cha jirani alifunikwa shuka akatolewa. Mkwe wangu akageukia ukutani. Mimi, niliyezaa na kulea na kuozesha, nikainama kwenye kitumbo kile kilicholegea nikaanza kuwabembeleza wadudu. Rudini. Hiyo nyumba ni yenu, dawa tumeacha, rudini basi. Wa kitanda cha pili wakadhani nasali.

Maziwa ya mkwe yakaanza kudondoka tena, kidogo, yakilowesha kanga. Na siku moja nilipofungua nepi nikakuta kinyesi. Siyo maji. Uji mzito, wa njano.

Nikanusa. Kilinuka uchachu, kama kibuyu kilichokubali.

"Mayu, si umeshakiona? Funga basi," mkwe akasema.

Nikafunga. Halafu nikafungua tena.