Gunia Langu Lilipokataliwa

Nimekuwa wakili, mbunge na sasa waziri, na msimamo wangu haujabadilika: sheria inayofanya kazi isiguswe. Wapinzani huniita mtu wa kale. Sijawahi kukana.

Jumamosi moja nilirudi nyumbani, karibu na Sosiot, nikamsaidia mama kuchuma chai. Mkono ulikuwa umesahau. Badala ya majani mawili na chipukizi, nilichuma hata yaliyokomaa. Kwenye kituo cha kununulia majani nilipanga foleni, na zamu yangu ilipofika karani alimwaga gunia langu mezani, akapekua, akasema, "Mheshimiwa, haya siwezi kuyapima. Chambua kwanza."

Mlinzi wangu akamsogelea karani, nikamrudisha nyuma. Akina mama kwenye foleni walinitazama.

Nilivua koti nikachambua jani moja moja. Karibu nusu ya gunia ilitupwa, na yaliyobaki yakapimwa.

Jumatatu, ofisini, waziri mwenzangu aliniomba nimlegezee shemeji yake kanuni kidogo tu. Nilimwonyesha vidole vyangu, ambavyo bado vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, nikamwambia shemeji apange foleni kama mimi.