Yosefu Aliyebaki Wazi

Dominika ya Tano ya Kwaresima ikikaribia, misalaba na sanamu zote kanisani hufunikwa kwa kitambaa cha zambarau, na kwa miaka ishirini na sita kazi hiyo ilikuwa ya Mama Sakristia, mtunza vifaa vya ibada, na mzee wake. Mama alipanda ngazi, mzee akaishika huku akimtania kwamba akidondoka atamdaka kwa tumbo, maana mikono imeshachoka. Mwezi wa nane mzee akafariki.

Basi Kwaresima iliyofuata, Jumamosi ya kufunika sanamu, mama aliingia kanisani peke yake, vitambaa kavipiga pasi, pini mdomoni. Msalaba wa altare aliufikia bila shida. Bikira Maria alimfunika kwa kusimama juu ya benchi. Kazi ikawa kwa Mtakatifu Yosefu, aliye juu kabisa ukutani. Alipanda vidato vitatu, ngazi ikayumba, akashuka haraka. Wanakwaya walipita, wakamsalimia vizuri tu, wakaenda zao mazoezini. Kuwaomba alishindwa. Kuomba mtu wa kushika ngazi ilikuwa kukiri mbele ya watu kwamba wa kwake hayupo, na hilo alikuwa hajalikiri hata kwa mto wake wa kulalia. Akakunja kitambaa, akarudi nyumbani kunywa chai iliyopoa. Upweke ulimkaba kwelikweli.

Asubuhi waumini wakamkuta Yosefu anawatazama, peke yake bila kitambaa katika kanisa zima. Minong'ono ikaanza. Katekista, mtu asiyekubali kushindwa na swali, akawaeleza kwamba Machi ni mwezi wa Mtakatifu Yosefu, na zamani sanamu yake iliweza kuachwa wazi. Watu wakaridhika, wengine wakadai walikuwa wanajua. Baada ya misa paroko mwenyewe akamfuata mama sakristia, akamsifu kwamba anaijua liturujia kuliko baadhi ya mapadre.

Sifa ilikuwa tamu. Angeinyamazia tu, na hakuna ambaye angejua alivyobaki mpweke.

“Si hivyo, Padre,” akasema. “Sikuwa na mtu wa kunishikia ngazi.”

Paroko akamuuliza mbona hakusema.

“Ningemwambia nani? Watu wananisalimia, naitikia, wanapita. Tangu tumzike mzee, Padre, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kitu ukasubiri jibu.”