Chrispinus wa Jikoni

Watu wa kwetu, huku ndani ya Shinyalu, wakikuambia wanamkumbuka kaka yangu Chrispinus, usiwaamini haraka. Waulize kwanza wanamkumbuka yupi.

Wao wanamkumbuka yule wa fahali. Alikuwa mtunzaji wa fahali wa Oliver, tajiri mmoja wa hapa, na siku za kupiganisha mafahali alitangulia mbele ya mnyama akicheza ngoma ya isukuti, fimbo juu, shati limefunguka kifua kizima, wasichana wakimwita kwa jina. Nyumbani alikuwa mtu wa kuletewa. Aliletewa maji ya kuoga, aliletewa obusuma, ugali wetu, ungali moto, na sahani ikichelewa alinikemea mimi, mdogo wake, mbele ya wageni. Jikoni hakuwahi kutia mguu. Sikumpenda sana, na sioni haya kusema hivyo.

Halafu asubuhi moja fahali wa Oliver akashindwa, akageuka kukimbia, na aliyekuwa njiani ni Chrispinus. Hakuchomwa pembe. Alirushwa tu, akaangukia kichwa. Hospitalini alilala majuma mengi, na daktari akatuambia ubongo umeumia na hautarudi ulivyokuwa. Tulimleta nyumbani akitembea mwenyewe, akimtabasamia kila mtu, na majirani wakamshukuru Mungu kwamba amepona. Walimtazama miguu tu.

Oliver alikuja mara moja, na mkate na soda. Chrispinus alipomwona akamwuliza, "Wewe ni nani? Umekula?" Oliver akatazama saa yake. Hakurudi tena, na wenzake wa uwanjani hawakuja kabisa. Walisema wanaogopa kumwona hivyo. Mpaka leo najiuliza ni woga wa aina gani huo, unaomshika mwanaume anayesimama mbele ya fahali.

Mama alimtunza, siwezi kumnyima sifa hiyo. Alimwosha, alimnyoa, alimfunga vifungo vya shati. Lakini kila jioni alimketisha akamsimulia habari za uwanjani ili akumbuke, naye hakukumbuka, na Mama alitoka nje kulia. Mimi nilikuwa nimeachika na kurudi kwetu, kwa hiyo mchana tulibaki wawili jikoni. Huko ndiko nilikompata kaka. Alijifunza kuchambua mboga. Fungu la kunde lilimchukua alasiri nzima, jani baada ya jani, na lililompendeza alininyooshea nilione. Chai yangu aliisifu kila siku kana kwamba ndiyo ya kwanza kuionja. Siku nyingine hasira ilimpanda bila sababu; sufuria aliyorusha ilinipasua hapa juu ya jicho, na kovu ninalo. Kesho yake aliliona lile jeraha, akauliza ni nani aliyeniumiza, akataka kwenda kumpiga. Nilicheka mpaka nikalia.

Kitu alichokiogopa ni ng'ombe, na ngoma za isukuti. Zikilia hata kilima cha pili, aliingia uvunguni mwa kitanda akitetemeka.

Alikufa mwaka jana, kwa kifafa kilichotokana na ule ubongo ulioumia. Hata mwili haujafika nyumbani, Oliver akaja na wazee wawili kutuambia kwamba wataleta mafahali na ngoma, kama ilivyo desturi kwetu mtu wa fahali anapozikwa.

"Ngoma hapana," nilisema. "Alikuwa anaziogopa. Mwacheni apite kimya."

"Dada, huyu alikuwanga simba yetu," Oliver akasema. "Mtu kama huyu hatumzikangi kama kuku."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

Alimgeukia Mama kana kwamba sikusema kitu. Nami nikamgeukia Mama vilevile, kwa sababu neno lake ndilo lingesimama. Nilikuwa na hakika naye. Ni yeye aliyekuwa akimtoa uvunguni na kumtuliza.

"Waje," Mama akasema.

Wakaja. Mafahali walipitishwa uani mpaka ukingoni mwa kaburi, wakitifua udongo mbichi kwa kwato zao, na ngoma zilipigwa karibu na jeneza hivi kwamba mbao zilitikisika. Roho iliniuma, nikatamani kumfungulia akimbie. Oliver akashika kipaza sauti, akasema Chrispinus alitutoka siku ile uwanjani, na leo tunatia mwili tu mchangani. Watu wakaitikia. Miaka yote ile ya jikoni ikafutwa kwa sentensi moja. Nilimtafuta Mama kwa macho. Nilitaka tuangaliane tu, sisi wawili tuliojua.

Mama alikuwa amefunga leso kiunoni, amejitoma katikati ya wachezaji, mabega yakimcheza kama ya msichana. Uso ulikuwa umekunjuka. Sikuwa nimemwona hivyo tangu ajali. Aliponifikia alinishika mikono ili anivute.

"Cheza, Kageha," akasema. "Mwanangu amerudi. Nimemngoja sana."

Nikaitoa mikono yangu mikononi mwake. Waliolia siku ile ni wengi, na wote walimlilia yule wa fahali, Mama pia. Yule mwingine alikuwa na mfiwa mmoja.