Kichupa Kilichozikwa Newala

Nilifungua jokofu la zahanati, lile la mafuta ya taa, na kichupa changu hakikuwemo. Nikazitoa chanjo zote, nikazirudisha. Hakuna.

"Nimekizika," alisema mkunga, huku akiosha mikasi kwenye beseni.

Kilikuwa kichupa cha ukubwa wa kidole cha mwisho, na unga wake ulikuwa mchache hata ukadhani ni kitupu. Ilikuwa protini ya binadamu, mojawapo ya zile ambazo seli hutumia kupashana habari, iliyotengenezwa ng'ambo kwa ajili ya maabara tu. Asubuhi ile wakulima ishirini kutoka Mnyambe walikuwa wamenipa damu, nipime jinsi seli zao zinavyoiitikia protini hiyo. Damu isingesubiri kesho, na kichupa kingine sikuwa nacho. Bila hicho, utafiti wa shahada yangu ya pili ulikuwa umekufa.

Ili kisichanganywe na chanjo, nilikuwa nimekibandika karatasi kwa mkono wangu: PROTINI YA BINADAMU. Kwa mkunga yule, kilichotoka mwilini mwa mtu hakilali pamoja na chanjo za watoto. Huzikwa nyuma ya zahanati, kwenye shimo la kondo za nyuma za wazazi.

"Hicho hakikutoka kwa mtu!" nilifoka. "Kimetengenezwa na bakteria."

"Bakteria wamejulia wapi kutengeneza kitu cha mtu?"

"Wamepandikizwa jeni ya mtu."

"Mtu gani?"

Nikafunga mlango wa jokofu.

"Alikubali?"

"Sijui."

"Miaka yote hiyo chuo kikuu, hujui."

Wajawazito waliokaa kwenye benchi wakacheka. "Soko huria hilo," mmoja akasema. "Ilianza mitumba, wakaja wanunuzi wa korosho, sasa mtu mwenyewe yumo kwenye kichupa."

Nikachukua jembe lililoegemezwa ukutani. Nilijua unga ule ungevumilia joto la siku moja. Nilipofika shimoni, wanawake walikuwa wamekwisha kulizunguka, matumbo mbele, mikono kifuani. Mkunga alikuja wa mwisho, akijifuta mikono kwa kanga.

"Chimba," alisema. "Kondo lako limo humo, nililizika mimi siku niliyokupokea. Utaanza kufukua lipi?"

Niliwachukia wote. Ningeweza kuwasukuma. Sikuwasukuma, na sababu ninayojipa, kwamba walikuwa wengi, siiamini. Nikalitupa jembe.

"Ushamba mtupu!"

"Marahaba," alijibu mkunga. "Tangu umeingia hujanisalimia."

Walicheka mpaka mmoja akashika kiuno.

Jioni nilibaki na mirija ishirini ya damu isiyo na kazi. Nilipouliza niimwage wapi, mkunga alinyoosha kidevu kuelekea shimoni. Nikaimwaga, mrija baada ya mrija, naye amesimama akiangalia kama mwalimu wa zamu. Wakulima wale hawakujua, na mimi sikurudi Mnyambe kuwaambia.

Kesho yake nikateremka Masasi. Watu wakisikia kisa hiki husema mkunga alikuwa na haki. Hakuwa nayo: kichupa hakikuwa na mtu ndani. Lakini nilitaka jibu la kumfunga mdomo, kwa hiyo nikamwandikia muuzaji swali moja: jeni hiyo ilichukuliwa kwa nani?

Barua yake ilikuja baada ya miezi miwili. Ndani mlikuwa na orodha mpya ya bei tu.